Miaka mitatu katika kliniki ya afya ya akili jijini Mbeya: maoni ya mtu anayesikia sauti

Ninaandika maoni haya kuhusu kliniki ya afya ya akili ya hospitali moja ya jijini Mbeya, ambayo nimekuwa nikihudhuria kwa miaka mitatu sasa. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa nina malalamiko pamoja na sifa, na watumishi wake ni wachache kiasi kwamba anayelalamikiwa angetambulika mara moja.

Mimi ni karani wa mizani katika kituo cha kununulia majani mabichi ya chai wilayani Rungwe. Nina ugonjwa wa baipola, ambao humpandisha mtu juu kupita kiasi na kumzamisha katika huzuni kwa vipindi, na vipindi vyake vinapokuwa vikali huwa nasikia sauti ambazo walio karibu nami hawazisikii. Hayo ndiyo maruweruwe. Nimelitanguliza jambo hili kwa sababu ndilo ninalolitumia kuipima huduma: kabla ya kliniki hii nilikuwa nimepita kwa watu wengi, na kila mmoja wao alitaka sauti zinyamaze, lakini hakuna aliyeniuliza zinasema nini.

Zilianza nikiwa na umri wa miaka 24. Katika zahanati ya kwanza nilitibiwa malaria mara mbili. Wazee wa kanisa waliniombea kwa upendo ambao bado nawashukuru, ingawa mmoja wao alinisihi nikiri dhambi ambayo sikuwa nayo. Katika kituo kimoja cha binafsi nilieleza huzuni tu, kwa kuwa niliona aibu kutaja sauti, nikaandikiwa amitriptilini, dawa ya sonona, peke yake. Ndani ya wiki mbili huzuni iliondoka na usingizi ukaondoka nayo, nikawa nazunguka usiku kijijini nikiwaamsha wakulima ili niwaeleze bei mpya ya chai ambayo nilikuwa nimeipanga mimi. Baadaye nilifahamishwa kwamba dawa ya sonona, ikitolewa bila dawa ya kutuliza mihemko kwa mtu mwenye baipola, inaweza kumrusha juu namna hiyo. Sikumlaumu sana aliyeniandikia, kwa kuwa sikumwambia yote, lakini hakuuliza pia.

Daktari wa kliniki ya Mbeya aliuliza. Siku ya kwanza alikaa nami karibu saa nzima, na sehemu kubwa ya muda huo aliutumia kwenye sauti. Alitaka kujua kama zinatoka kichwani au nje, upande gani, ni za mtu ninayemfahamu au la, zinazungumza nami au zinanizungumzia, na kama zimewahi kuniamuru nijidhuru au nimdhuru mwingine. Aliyauliza haya kwa sauti ileile ambayo daktari mwingine angeulizia kikohozi. Kisha akauliza kipi kilitangulia, usingizi kupotea au sauti kuja; na mwisho, kama kumewahi kuwa na kipindi ambacho moyo wangu ulikuwa umetulia kabisa, si juu wala chini, na bado nikazisikia.

Swali hilo la mwisho sikulielewa uzito wake siku ile. Alinifafanulia katika ziara iliyofuata kwamba katika baipola maruweruwe huja pamoja na kipindi cha kupanda au cha kuzama na huondoka kipindi kinapokwisha, na kwamba yakiendelea kwa wiki mbili au zaidi bila mabadiliko ya mihemko, wataalamu hufikiria ugonjwa mwingine ulio jirani, na matibabu hupangwa tofauti. Aliniambia pia kwamba zaidi ya nusu ya wenye baipola ya aina ya kwanza, ile yenye vipindi vikali vya kupanda, hupata dalili za kupotewa na uhalisia walau mara moja maishani. Nilikuwa nimeishi miaka mitano nikidhani niko peke yangu, na mama alikuwa ameishi miaka hiyohiyo akidhani nimerogwa.

Aliponitaka nimweleze sauti zenyewe, ndipo nami nilipoanza kuona mpangilio wake. Ninapopanda, mtangazaji wa redio hunitaja kwa jina katikati ya taarifa ya habari na kunipongeza kwa kazi ninayowafanyia wakulima wa nchi nzima. Ninapozama, huja wanaume wawili nyuma ya migomba, ambao husoma polepole kilo nilizokosea kuziandika kwenye daftari na kusema nimewaibia wajane. Ni maneno ya kazi yangu mwenyewe, mizani, kilo na wakulima, yaliyovikwa nguo ya furaha au ya huzuni kulingana na kipindi. Kulijua hilo hakukuzinyamazisha, bali kulinipa mahali pa kusimama ninapozisikia. Wale wawili wakianza kusoma, siku hizi sijiulizi kwanza kama nimeiba. Najiuliza nimekula nini tangu jana na nimelala saa ngapi.

Muuguzi wa kliniki hiyo, mama wa makamo anayeniita mwanangu hata mbele ya wanafunzi wa uuguzi, anastahili aya yake. Yeye ndiye aliyenipa daftari dogo la kuandikia kila asubuhi saa nilizolala, hali ya moyo, na sauti kama zilikuwapo. Tukilipitia pamoja, tuliona kwamba usiku mbili mfululizo za kulala chini ya saa nne zilitangulia kupanda kwangu mara zote tatu nilizowahi kuziandika, kwa hiyo sasa sisubiri tarehe ya kliniki, bali narudi mapema. Alinifundisha pia kurekodi kwa simu pale ninapokuwa na shaka: nikisikia mtu ananiita kutoka migombani, narekodi dakika moja, kisha nasikiliza. Mara nyingi kwenye simu kuna mvua tu, na kwetu Tukuyu mvua haikosekani. Mara mbili alikuwa jirani kweli, anataka kuazima jembe, na nilimfungulia mlango bila hofu. Alinionya kwamba njia hii husaidia ninapokuwa bado na shaka, kwa sababu kipindi kikiwa kikali hata simu nitaiona inadanganya, na wakati huo kinachotakiwa ni kufika hospitali.

Kuhusu dawa, nilifika Mbeya nikitumia sodiamu valproeti, dawa ya kutuliza mihemko niliyoandikiwa mahali pengine, nikiwa mwanamke wa miaka 29 ambaye hakuwahi kuulizwa kama anatarajia kuzaa. Hapa niliulizwa siku ileile. Nilielezwa kwamba dawa hiyo ikitumika wakati wa ujauzito huongeza sana hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro, ukiwamo uti wa mgongo usiofunga, na daktari akanibadilishia hatua kwa hatua hadi olanzapini, dawa ya kutuliza mihemko na sauti, ambayo nameza usiku. Tulizungumza pia juu ya lithiamu, dawa ya zamani na yenye nguvu katika ugonjwa huu, lakini inahitaji kipimo cha damu cha mara kwa mara, kwa sababu kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru havipishani sana, nami naishi kilomita zipatazo 70 kutoka hapo. Olanzapini imenipa usingizi na utulivu, na imenipa pia kilo tisa. Kliniki hunipima uzito kila ninapokwenda, na sukari kwa vipindi, jambo ambalo sikuwahi kufanyiwa kwingine.

Sasa malalamiko, ambayo si madogo.

Chumba cha daktari kina mlango usiofunga, na benchi la wanaosubiri limegusana nao. Nimewahi kusikia habari za ndoa ya mtu nisiyemjua, na bila shaka wapo waliosikia za kwangu. Dirisha la dawa ni baya zaidi, kwa kuwa jina na dawa hutamkwa kwa sauti ya kufika getini, mbele ya watu waliokuja kwa meno na kwa macho. Katika mapokezi, mwaka jana, mtumishi mmoja alituambia vichaa tukae upande wa kushoto. Kijana aliyekuwa mbele yangu, ambaye ilikuwa siku yake ya kwanza, aliondoka na baba yake, na sijamwona tena. Nililipeleka jambo hilo kwa muuguzi, naye alilifuatilia, na mtumishi yule hazungumzi hivyo tena. Lakini kijana hakurudi, na kwangu hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote niliyoyaona pale.

Dawa nazo hukatika. Mara mbili katika miaka hii mitatu nimeambiwa olanzapini haipo, nikainunua katika duka la dawa mjini. Mimi nina mshahara, hata kama ni mdogo. Mama mmoja wa kutoka Chunya niliyeketi naye hakuwa na cha kununulia, na mtu wa baipola akiacha dawa ghafla huweza kurudi kule alikotoka. Kliniki ina namba zetu za simu kwenye majalada. Ujumbe mmoja wa kutuarifu kabla hatujapanda gari ungemwezesha mtu kujipanga, au kuazima kwa ndugu.

Anayetoka mbali na aondoke mapema. Mimi hupanda Coaster ya alfajiri kutoka Tukuyu na kubadilisha gari Uyole, na nikifika baada ya saa mbili asubuhi huwa natoka saa tisa alasiri. Mwezi wa sita na wa saba abebe koti zito, kwa sababu benchi liko kwenye upepo. Aje pia na mtu anayeishi naye.

Mimi nilichelewa kumpeleka mama. Kwetu mtu akitaka kumtukana mwenzake humwambia anafaa kupelekwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, na mama aliamini kwamba kliniki ya Mbeya ni kituo cha njiani kuelekea huko Dodoma. Alikubali mwaka wa pili. Daktari alimwamkia, akampa kiti kilichokuwa karibu na dirisha, akamuuliza yeye huona nini kwangu kabla mimi mwenyewe sijajua. Mama alifikiri kidogo, akasema kwamba naanza kuosha vyombo vilivyo safi. Daktari akaandika maneno hayo kwenye jalada kama alivyoyasema, na tangu siku hiyo mama ndiye anayenikumbusha tarehe.