Uzoefu wangu: nilianzia Stevens Point, nikamalizia Madison

Watu wakisikia nimesoma Wisconsin, swali lao ni moja: Madison pakoje? Mimi huwajibu kwa kuanza na Stevens Point.

Vyuo vikuu vya umma vya jimbo hilo la Marekani ni 13, na tangu 1971 viko chini ya mfumo mmoja. Madison, kilichoanzishwa 1848, ndicho kikubwa na ndicho chenye jina. Ila sisi tunaotoka nje ya jimbo tunalipa ada kubwa kuliko wenyeji, na ada ya Madison ilikuwa juu ya uwezo wa nyumbani kwetu kwa miaka minne. Stevens Point, chuo kinachosifika kwa misitu na maliasili, ilikuwa nafuu mno.

Wiki za mwanzo tu tulitolewa nje, tukateremka kwenye shimo la kina cha kifua. Mwalimu akachota udongo, akaulowesha kidogo, akaubinya kati ya kidole gumba na cha shahada ili utoke kama utepe. Haukutoka. Ulimomonyoka wote kiganjani, kwa sababu ukanda ule ni wa mchanga. Viazi vyake vinategemea umwagiliaji. Kisha kila mmoja wetu akafanya vilevile, naye akituita kwa majina. Nilijua siku ile kwamba nimefika mahali pa kusomea.

Madison ni kitu kingine: maabara, maktaba, ziwa Mendota linaloganda hadi watu wanatembea juu yake. Lakini kozi zangu za mwanzo pale zilikuwa kwenye kumbi za watu mamia, na kama hukwenda mwenyewe ofisini kwa mhadhiri, hakuna wa kukufahamu. Kilichonigusa zaidi ni jengo la Van Hise, ghorofa 19, linakofundishwa Kiswahili. Nilipita mlangoni nikasikia vijana wa Kimarekani wakihangaika na ngeli, kitabu changu, vitabu vyangu, nikasimama pale na koti langu zito mpaka kipindi kikaisha. Mmoja alipotoka akaniamkia "shikamoo." Nilikuwa na miezi mitano sijaamkiwa hivyo.

Kuhusu kuhama: kozi zangu karibu zote zilipokelewa. Moja ilitakiwa muhtasari wake ili ilinganishwe, nami nilikuwa nimeutupa nilipohama hosteli. Niliirudia muhula mzima, kwa ada kamili. Tunzeni kila karatasi ya kozi, hata mnayodhani haina kazi.

Pia ulizieni hali ya kampasi ndogo kabla ya kuomba. Ile ya Richland Center, iliyokuwa chini ya chuo cha Platteville, kimojawapo cha hivyo 13, masomo yake ya ana kwa ana yalisitishwa 2023, na iliniuma, kwa kuwa kampasi za namna hiyo ndizo zilizowafikia watoto wa wakulima karibu na kwao.

Mdogo wangu anaomba nafasi mwaka huu. Nimemwambia Stevens Point iwe ya kwanza kwenye orodha yake, na buti za baridi nimeshamwekea.