Kufunga Chambo Bandia: Kitanzi au Klipu?

Kwa uvuvi wa kurusha chambo, mimi nachagua fundo la kitanzi. Mshipi unaingia moja kwa moja kwenye pete ya chambo, na kitanzi hicho kidogo kinakiacha chambo kicheze kama dagaa aliyejeruhiwa. Lowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza, maana nailoni kavu huungua kwa msuguano ikapoteza nguvu. Klipu, yaani kibanio kidogo cha chuma kinachounganisha mshipi na chambo, inarahisisha kubadilisha chambo, lakini uzito wake huharibu mwendo wa chambo chepesi.

Kurambaza ni habari nyingine. Hapo chambo cha chuma chenye umbo la kijiko huburutwa nyuma ya boti, nacho huzunguka na kuusokota mshipi. Kwa hiyo klipu yenye kizungushio, kiungo kinachozunguka ili mshipi usisokotwe, inashinda. Ukimtaka nguru, tanguliza kipande cha waya mbele ya chambo, kwani meno yake hukata nailoni. Klipu nyembamba usiziamini, hufunguka.