Chandarua cha dawa mbili baada ya miaka miwili na miezi minne: maoni ya fundi cherehani wa Misungwi

Kitambaa chochote kikiingia kibandani kwangu, kwanza nakigeuza ndani nje nione mshono. Chandarua hiki nilikifanyia hivyo hivyo siku niliyotoka nacho kliniki, hudhurio la kwanza la mimba yangu ya nne. Mtoto wa mimba ile sasa anakimbia uani na kunyakua chaki zangu za kukatia. Nimelala ndani ya chandarua hicho usiku baada ya usiku, nimekifua mara saba, nimekishona mara nyingi zaidi ya hapo, na nadhani nimepata haki ya kukisemea.

Sitataja jina la kiwanda. Ninachokitathmini ni aina: chandarua chenye dawa mbili, alfasaipamethrini na klofenapiri, majina ambayo utayakuta yamechapwa kwenye lebo ndogo iliyoshonewa kwenye pindo. Tafadhali soma lebo ya chako. Hapa mtaani kila neti huitwa "neti ya serikali", na watu wengi hawajui kwamba neti mbili zinazofanana rangi na matundu zinaweza kupishana kabisa kwa kazi zinazozifanya usiku.

Kwetu Misungwi jambo hili lina historia. Mwanzoni mwa mwaka 2019 watafiti wa NIMR Mwanza, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wakishirikiana na chuo cha tiba cha KCMUCo cha Moshi na wenzao wa London, walipitisha vyandarua vya aina nne wilayani kwetu. Maeneo 84 yaligawanywa kwa kura: mengine yakapata neti za kawaida zenye dawa moja, mengine aina tatu mpya. Sisi tuliopewa hatukuambiwa nani kapata ipi. Baadaye wakawa wanarudi kupima damu za watoto kuanzia miezi sita hadi miaka 14. Mwanangu wa pili alichaguliwa mara moja, akatobolewa kidole, akalia, akapewa pole na majibu siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikiwaza kazi za watu zilizonisubiri, wala sikujua kwamba tone lile la damu lingekwenda kubadilisha neti za nchi nyingi.

Matokeo yalichapishwa Machi 2022. Baada ya miezi 24, kwenye maeneo ya neti za kawaida, watoto 45.8 kati ya kila 100 walikutwa na vimelea vya malaria. Kwenye maeneo ya klofenapiri walikuwa 25.6. Ukihesabu wagonjwa wote wa miaka miwili, malaria ilipungua kwa asilimia 44. Aina nyingine mbili mpya hazikufika hapo. Benin nao walifanya jaribio lao, wakapata upungufu wa asilimia 46. Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likapendekeza neti hii itumike badala ya ile ya dawa moja mahali ambapo mbu wamezoea dawa ya zamani. Nikisoma tarakimu hizo naona nyuso. Nimewahi kumbeba mtoto mwenye degedege usiku kwenye bodaboda kutoka kwetu hadi hospitali, taulo bichi kichwani mwake, na sitaki mama mwingine apite njia ile.

Sasa nije kwenye neti yenyewe.

Malalamiko ninayoyasikia kuliko yote kibandani, na niliyoyasema mwenyewe wiki ya kwanza, ni kwamba dawa yake ni hafifu. "Mbu anatua, anaruka, anaenda zake." Neti za zamani zilipokuwa mpya, asubuhi ulifagia mbu sakafuni. Hii hukuti mbu chini. Jirani yangu alifikia hatua ya kuitoa kitandani na kurudisha ya zamani, tena iliyotoboka, kwa sababu hiyo tu. Ningependa kila anayegawa neti hizi alieleze jambo hili kabla hajamkabidhi mtu, kwa hiyo naomba nilieleze kwa kirefu.

Dawa ya zamani, ambayo alfasaipamethrini ni mojawapo, ni ya jamii ya pareto. Kiwandani wameiga sumu ya lile ua linalolimwa nyanda za juu kusini. Inapiga mishipa ya fahamu ya mbu, naye anaanguka papo hapo. Kwa miaka mingi ilitosha. Lakini mbu wetu wa kizazi hiki wana vimeng'enya mwilini vinavyoisaga dawa hiyo kabla haijawadhuru, hivyo wanatua juu yake kama wanaotua kwenye pazia. Klofenapiri inakwenda kinyume. Inapoingia mwilini mwa mbu bado haijawa sumu kali. Ni vimeng'enya vile vile, anavyovitegemea kujiokoa, vinavyoigeuza kuwa sumu. Ikishageuka inazima mahali ndani ya chembe za mwili ambapo nguvu hutengenezwa. Mbu hazimiki kama taa. Anaruka, anakwenda kutua kwenye ukuta au nje kwenye migomba, na anakufa baadaye, pengine baada ya siku mbili au tatu. Kimelea cha malaria kinahitaji zaidi ya wiki moja ndani ya mbu ndipo kiweze kuambukiza mtu, kwa hiyo mbu anayekufa siku ya tatu baada ya kukibeba hafikii kuwa hatari kwa mtoto wa mtu.

Nilipolielewa hilo nilirudi kwa yule jirani. Tuliongea muda mrefu, yeye akichambua mchele, mimi nikitia uzi sindano. Neti aliitundika tena jioni ile.

Nyumbani kwangu sina maabara, nina daftari la kliniki la watoto tu. Mwaka mmoja kabla ya neti hii, watoto wangu watatu kwa pamoja walikutwa na malaria kwenye kipimo cha haraka mara tano, na mara tano tukarudi na dawa ya mseto. Mwaka wa kwanza wa neti hii ilikuwa mara moja. Mwaka wa pili, mara mbili. Nyumba moja si utafiti, najua. Ila nasi tunaishi mita chache kutoka kwenye majaruba ya mpunga, na mbu aliyetawala huku, anayeitwa Anopheles funestus, anapenda maji yanayodumu yenye majani, kwa hiyo hata kiangazi hatupumziki. Anauma usiku wa manane, ndani ya nyumba, watu wakiwa wamelala. Kwa mbu wa tabia hiyo, kitanda ndicho mahali pa kumtegea.

Usiku wa kwanza ngozi ya uso iliniwasha, na mwanangu mkubwa akapiga chafya. Hilo lilikuwa kosa langu. Nilikitoa kwenye mfuko saa kumi na mbili jioni nikakitundika saa moja. Kinatakiwa kianikwe kivulini siku nzima kwanza. Nilipokianika kesho yake chini ya mwembe, kero ile haikurudi.

Dawa naipa alama zote. Kitambaa siwezi.

Ni polista laini iliyofumwa kwa matundu madogo. Ukikigusa unaona raha, hakikwaruzi mtoto, hewa inapita vizuri kuliko neti ngumu za plastiki. Mishono ya pembeni ni mizuri kweli: uzi umebana, hakuna mahali ilipoachia hadi leo. Vitanzi vya kutundikia vimeshonwa mara mbili. Aliyeshona paa alijua kazi. Tatizo liko chini. Ubavu wa neti unaochomekwa chini ya godoro ndio unaovutwa kila asubuhi na kila jioni, unasugua kwenye chaga za kitanda, unakanyagwa, unakwaruzwa na msumari uliotokeza. Kwa kazi yote hiyo wameweka kitambaa kile kile chepesi cha paani, na pindo la mkunjo mmoja. Mimi nikimshonea mwanafunzi sketi ya shule siwezi kumwekea pindo la namna ile, atarudi kabla ya likizo.

Tundu la kwanza nililiona mwezi wa sita, sawa na ncha ya kidole, kwenye kona ya miguuni. Mwezi wa kumi na mbili yalikuwa matano. Leo nina viraka kumi na kimoja, na kati ya hivyo tisa viko chini ya usawa wa godoro au kiganja kimoja juu yake. Kimoja tu kiko paani, nacho kilitokana na panya.

Kimo nacho nilikipima kwa futi kamba: sentimita 150. Kwa anayelala kwenye mkeka au godoro jembamba sakafuni, kinafika na kubaki. Kwa kitanda cha mninga chenye godoro la inchi nane, na papi za kutundikia ziko juu, hupati kitambaa cha kutosha kuchomeka, unabaki kukivuta. Na kukivuta ndiko kunakochana. Dawa yake huenda ingedumu, lakini neti iliyochanika watu huishusha wakafunikia vifaranga au kuzungushia bustani ya mchicha.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu utafiti wenyewe umegusa hapo hapo. Watafiti waliendelea kufuatilia hadi mwaka wa tatu. Neti ya klofenapiri ndiyo pekee kati ya zile mpya iliyozishinda zile za dawa moja kwa miaka yote mitatu, lakini sehemu kubwa ya faida hiyo ilitoka miaka miwili ya mwanzo. Tofauti ya bei kati ya neti hii na ya kawaida, wakati wa jaribio, ilikuwa kama dola moja: takribani 3 kwa 2. Kwa hesabu za fundi, mkanda wa kitambaa kizito kuzunguka chini hauwezi kuwa jambo la kuwashinda wenye viwanda. Wametumia miaka mingi kutafuta dawa ambayo mbu hajaizoea. Pindo nalo lingepewa walau mwezi mmoja wa fikra.

Mkanda huo mimi nimeuweka mwenyewe. Nilichukua amerikani nyepesi, nikakata vipande vya inchi kumi na mbili upana, nikavishona kuzunguka ukingo wote wa chini kwa mshono wa zigizaga na uzi wa polista. Uzi wa pamba huoza. Sehemu inayoingia chini ya godoro sasa ni amerikani, na neti yenyewe inaishia juu ya godoro bila kuvutwa. Amerikani haina dawa, lakini pale iko chini ya godoro ambako mbu hatui. Na mbu wa malaria, kama walivyoonyesha waliomrekodi kwa kamera gizani, hutua zaidi juu ya paa la neti, kwa sababu joto na pumzi ya aliyelala vinapanda juu. Paa ndilo lenye kazi kubwa, na paa la kwangu bado zima ukiacha kile kiraka cha panya. Tangu nilipoongeza mkanda ule, miezi minane iliyopita, nimepata tundu moja jipya tu.

Majirani wameanza kuniletea neti zao. Natoza bei ya amerikani na uzi tu. Mama mjamzito simtozi ushonaji wala kitambaa.

Kuhusu kufua: kifue kwa sabuni ya mche, maji ya kawaida, mkono mwepesi, na ukianike kivulini. Jua kali linaiua dawa. Usikipeleke ziwani wala mtoni, dawa hizi zinaua samaki. Cha kwangu ni cheupe, na hapo nina ombi jingine, kwa sababu cheupe huonyesha moshi wa jikoni ndani ya mwezi mmoja na mtu anashawishika kukifua mara kwa mara. Wangetuletea vya buluu iliyoiva au kijani, watu wangefua mara chache na dawa ingekaa.

Alama zangu: nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu ya pindo na kimo. Kama umepewa cha aina hii na bado kiko kwenye mfuko juu ya kabati ukisubiri cha zamani kichakae, kitoe leo ukianike kivulini. Ukiwa na cherehani au una jirani mwenye cherehani, weka ule mkanda kabla hujakitundika, kingali kizima. Mita saba za amerikani zikipasuliwa katikati kwa urefu wake zinatosha vitanda viwili vya futi tano kwa sita, na kazi yake kwa fundi aliyezoea haizidi saa moja.