Sponji ya Airex ya kujisawazishia: inachoifundisha serebelamu, na pale inaposhindwa

Airex Balance-pad ni kipande cha sponji kutoka Uswisi chenye urefu wa sm 50, upana wa sm 41 na unene wa sm 6. Hakina betri wala skrini. Kazi yake ni kuvuruga taarifa zinazotoka kwenye nyayo na vifundo vya miguu, na kazi hiyo inaifanya vizuri kuliko mbao nyingi za kuyumba (za kusimamia ili kujisawazisha) zenye mbwembwe.

Mtu akisimama, serebelamu, ile sehemu ya ubongo iliyokaa kisogoni, hupokea habari kutoka macho, sikio la ndani, na vihisio vya misuli na viungo. Huzilinganisha na mwendo uliokusudiwa, kisha hurekebisha tofauti. Uzito wake ni kama moja ya kumi tu ya ubongo, lakini imebeba zaidi ya nusu ya seli zote za neva. Amri inayotoka kwenye gamba lake hupitia seli za Purkinje, aina ya seli za neva, na hizo kazi yake ni kuzuia, hazichochei chochote. Zinachonga mwendo kwa kupunguza kilichozidi. Ili zijifunze, lazima kosa litokee. Sponji hutoa makosa madogo madogo bila kukoma, mradi iwe na ugumu unaofaa.

Hapo ndipo Airex inapoishinda sponji ya kukata kwenye godoro. Matundu yake ya hewa yamezibwa, hayapitishani hewa wala maji, kwa hiyo inabonyea kiasi na kusukuma mguu juu. Ya godoro hulala kabisa. Ipime hivi: simama juu yake kwa mguu mmoja, kisigino kikihisi sakafu, hiyo haifai, maana umesimama sakafuni.

Iweke kwenye pembe ya kuta mbili, na kiti kizito mbele. Vua viatu. Anza na miguu miwili pamoja, macho wazi, sekunde 30, mara tatu. Ukimaliza bila kushika ukuta, fumba macho. Baadaye fumbua, geuza kichwa kulia na kushoto huku ukikazia macho alama moja ukutani. Zoezi hili huishughulisha floko, kijisehemu cha serebelamu kinachoshirikiana na sikio la ndani kutuliza macho. Mguu mmoja uje mwisho. Wengi huanzia huko, wanakaza misuli yote na kuzuia pumzi, na mwili uliokakamaa haujifunzi kujirekebisha. Kuyumba kidogo ndiyo zoezi lenyewe. Ukianguka kila mara, rudi hatua moja. Usipoyumba kabisa, songa mbele.

Kasoro zipo. Upana wa sm 41 ni mdogo kwa mtu mrefu anayetaka kutanua miguu, na unyayo ukikaa ukingoni, sponji huinama upande mmoja na kifundo kinaweza kuteguka. Juu ya vigae vyenye maji huteleza. Pia usitarajie makubwa: ustadi wa kusimama kwenye sponji hauhamii wenyewe kwenye ngazi au njia ya mawe. Hayo yafanyiwe mazoezi yake.

Kwa aliyeteguka kifundo na sasa anaweza kukanyagia uzito wote, ni kifaa kizuri. Kwa mwenye ataksia, yaani kushindwa kuratibu mwendo, inayotokana na serebelamu yenyewe, tungesubiri. Huyo huyumba hata macho yakiwa wazi, hutembea akitanua miguu, na mkono wake hupitiliza kitu anachotaka kukishika. Kumwondolea sakafu ngumu ni kumwongezea mzigo. Aanze sakafuni, akiwa na mtaalamu wa fiziotherapia karibu. Na mtu aliyeanza kupepesuka ghafla, hasa akiwa na kichwa kinachouma vikali, anatapika, anaona vitu viwili viwili au ulimi unakuwa mzito, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Inaweza kuwa kiharusi.

Kuitunza ni rahisi: kitambaa chenye maji na sabuni laini, kisha ikauke kivulini. Usiikunje, usiikanyage kwa viatu vyenye meno. Siku alama ya kisigino ikibaki bila kujaa tena, geuza upande wa pili. Ukibonyea nao, nunua nyingine.