Fundi wa Luthuli Avenue aliyeokoa kompyuta yangu ya XP bila kufomati

Kama uko na kompyuta mzee hapa Nairobi na kila fundi anakwambia tufomati tu, yaani tufute kila kitu tuweke Windows upya, tafadhali soma hii hadi mwisho juu mimi karibu nipoteze kazi ya msimu mzima.

Mimi nashona nembo za shule kwa sweta na fulana, niko Umoja, na mashine yangu ya kudarizi ni ya zamani, inaongea na kompyuta kwa ile poti ya pini 9 peke yake, USB haijui kabisa. Programu yake nayo inakaa kwa Windows XP tu, nimejaribu kuiweka kwa laptopu ya kijana wangu yenye Windows 10 ikakataa katakata. Sidi yake ya kuinstoli ilipotea kitambo tukihama. Kwa hivyo hiyo disktopu ndio jembe langu, haina mbadala.

Sasa mwisho wa Desemba stima ikapotea, ikarudi kwa nguvu, poti ikaungua. Kompyuta yenyewe inawaka vizuri lakini mashine haipokei kitu. Nikanunua kadi ya PCI, ile ya kuchomeka ndani ya kompyuta, yenye poti mbili, 1,200, nikaichomeka, nikaweka ile sidi ndogo iliyokuja nayo ya draiva, yaani programu ndogo ya kufanya Windows iongee na kifaa, na katikati ya kuinstoli skrini ikasema inataka faili inaitwa serenum.sys, weka sidi ya Windows XP Service Pack 3, yaani XP yenye kifurushi cha tatu cha marekebisho. Sidi natoa wapi, na kompyuta nilinunua mtumba bila sidi yoyote? Ukikataa, kadi inabaki na alama ya njano na kodi 28, yaani draiva haijaingia. Januari shule zinafunguliwa na niko na sweta 180 za watu kwa nyumba.

Duka la kwanza nilipoenda sitalitaja. Jamaa hakuangalia hata hiyo skrini, akasema window imeharibika, tufomati, 1,000. Nikamuuliza na programu yangu ya kudarizi je, akasema hiyo utajipanga. Nikabeba kompyuta yangu nikatoka. Wa pili akashusha serenum.sys kwa website fulani ya kuokota faili, akaibandika, kompyuta ikaanza kuwaka inafika skrini ya bluu inajizima, inawaka tena inajizima, na 500 yangu alikuwa ameshachukua. Hii tabia inanikera sana, jameni, faili ya mfumo si kitu cha kuokotwa barabarani, hujui ni ya toleo gani na hujui imebeba virusi gani.

Huyu wa tatu nilielekezwa na mama mmoja wa chama chetu. Yuko Luthuli Avenue, ghorofa ya pili, kwa vile vibanda vya ndani, unapita wauza spika na wauza kebo hadi mwisho wa korido. Kijana mdogo. Kitu cha kwanza aliniuliza, "Mama, skrini iliandika nini, neno kwa neno?" Nilikuwa nimepiga picha kwa simu, akaisoma polepole mara mbili kabla hajagusa kitu, na hapo moyo wangu ukatulia kidogo.

Akawasha akibonyeza F8, akachagua ile ya kurudi hali ya mwisho iliyofanya kazi, skrini ya bluu ikaisha. Halafu kabla ya kitu kingine akakopi programu yangu na michoro yangu yote ya nembo kwa fleshi. Hakuna aliyekuwa amefikiria hivyo, wote wawili.

Venye alinieleza ni hivi. Sidi ya kadi haiji na kila kitu, draiva yake inaazima faili zingine za Windows yenyewe, na hizo Windows huziweka zimefungwa pamoja kwa kama kabati moja, driver.cab, iko C:\WINDOWS\Driver Cache\i386. Tukaifungua hiyo folda pamoja. Tupu! Mtu aliyeniuzia au fundi fulani wa zamani aliifuta kupunguza mzigo, maana diski yenyewe ni ya giga 40. Window haikuwa imeharibika hata kidogo, ilikuwa inaomba kitu chake kilichotupwa.

Akatoa kwa droo sidi halisi ya XP yenye Service Pack 3, akasema lazima ilingane na iliyo kwa kompyuta, ukileta ya Service Pack 2 unachanganya matoleo na unajitafutia shida nyingine. Akakopi folda nzima ya I386 kwa diski yangu, kama nusu giga hivi, akaingia kwa rejistri, pale Windows inaweka mipangilio yake, akabadilisha SourcePath, yaani njia ya kutafuta faili zake, ielekee hapo, ndio siku nyingine nikiweka kifaa kipya Windows ijue pa kutafuta bila kuniuliza sidi. Nikamwambia niliona faili nyingi humo zinaishia na SY_ badala ya sys, akasema hizo zimebanwa, ukibadilisha jina tu hujafanya kitu, zinafunguliwa kwa amri ya expand. Tukarudia kuinstoli kadi, ikapita yote, alama ya njano ikaenda.

Nilidhani tumemaliza lakini yeye akaniuliza programu yangu inatafuta poti gani. Kumbe Windows hupea kila poti namba ya COM, kadi ilijiweka COM3 na programu yangu inaona COM1 na COM2 peke yake! Ningefika nyumbani nikalia. Akaingia BIOS, ile mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka, akazima ile poti iliyoungua, akaipa kadi namba ya COM1, spidi 9600 kama kitabu cha mashine kinavyosema. Na kwa vile mashine yangu ni nzito sikuibeba, akaunganisha pini ya 2 na ya 3 kwa kawaya kadogo, akafungua HyperTerminal, programu ya XP ya kutuma na kupokea maandishi kwa poti, akaandika jina langu, likarudi kwa skrini jinsi lilivyo. Akanionyesha, akasema, "Ukiona hivi mama, poti inatuma na inapokea." Sijawahi kuona fundi wa kompyuta anathibitisha kazi yake mbele ya mteja namna hiyo.

Saa mbili na nusu nzima, 1,500. Pia alinikataza kuiweka kwa intaneti, juu Microsoft waliacha kuitolea XP masasisho tangu tarehe 8 Aprili 2014, michoro niwe napeleka kwa fleshi iliyopitishwa antivairasi kwa laptopu kwanza. Nafuata.

Nampa nyota nne kwa tano. Moja nimeitoa kwa sababu hana risiti, ushahidi wako ni meseji ya M-Pesa tu, na garantii ni wiki moja ya mdomo, hiyo kwa mtu wa biashara haitoshi. Kiti ni kimoja na foleni ikifika saa tano unasimama kwa korido, kwa hivyo enda kabla ya saa nne. Simu hashiki akiwa kazini. Beba kadi yenyewe, sidi yake, kebo yako, na picha ya kile skrini iliandika, hiyo picha usiisahau.

Nembo ya kwanza nilishona usiku huo huo, uzi wa kijani na dhahabu, haikuruka hata tundu moja. Wiki ijayo narudi kwake anitolee nakala ya diski nzima, maana hii ya giga 40 imeanza kutoa mlio.