Miezi minane na LibreOffice ofisini kwetu

Niseme ukweli: hatukuhama kwa mapenzi ya programu huria. Kompyuta zetu tisa zilikuwa na Microsoft Office ya kuchakachua, ile ambayo fundi anakuja na flashi, anakuwekea, anachukua chake, na baada ya wiki mafaili yote yamegeuka shotikati. Mara ya mwisho tulipoteza ankara za miezi miwili. Bosi akaulizia bei ya leseni halali kwa kompyuta zote tisa, akaisoma mara mbili, akaikunja karatasi. "Kijana, tafuta njia nyingine."

Njia nyingine ikawa LibreOffice, programu huria ya bure inayofanya kazi za ofisi kama ile ya Microsoft. Nilishusha mara moja tu, MB zaidi ya 300, nikafuta kila kitu kwenye mashine, nikasimika Windows upya na kuipandisha LibreOffice kwa flashi. Haidai namba ya siri wala haiishi muda. Kufikia Jumamosi jioni kazi imekwisha, nikajiona bingwa.

Jumatatu saa tatu asubuhi nilimwamkia katibu muhtasi wetu, mama anayekaribia kustaafu. Hakuitikia. "Mwanangu, barua yangu umeipeleka wapi?"

Barua ilikuwepo, ila ya ukurasa mmoja imekuwa ya kurasa mbili, na huo wa pili una "Wako mwaminifu" na nafasi ya mhuri, basi. Ilinichukua nusu siku kugundua kwamba violezo vyake vyote viliandikwa kwa Garamond, fonti inayokuja na Microsoft Office, si na Windows. Microsoft Office ilipoondoka, fonti nayo ikaondoka, LibreOffice ikaweka nyingine pana zaidi, mistari ikasukumana hadi chini. Tulihamishia violezo vyote kwenye Liberation Serif, ambayo herufi zake zina upana uleule wa Times New Roman, kwa hiyo hata mteja asiyekuwa nayo barua haimharibikii sana. Hilo ningelifanya kabla ya kufuta chochote. Sikulifanya.

Shida ya pili ilikuja kwa simu. Mteja kapokea faili la odt, muundo ambao LibreOffice huhifadhia barua, anauliza hili ni dudu gani, simu yake inalikataa. Muundo huo ni kiwango cha kimataifa cha ISO tangu 2006, lakini jaribu kumwambia hivyo mtu anayesubiri ankara. Niliingia kwenye Options, Load/Save, General, nikaweka docx, muundo wa Microsoft Word, iwe ndiyo ya kawaida kwenye kila mashine. Simu za namna hiyo zikakoma.

Vijana wa ofisi walilalamikia sura ya menyu tu. Nenda View, kisha User Interface, chagua Tabbed. Inafanana na walichozoea, wakanyamaza.

Mhasibu ndiye aliyenishinda. Fomula zake za PAYE na NSSF zilifunguka salama, VLOOKUP pia, lakini makro, yaani kijiprogramu ndani ya faili la Excel, ya kutengeneza hati za mishahara, iliyoandikwa na mtu aliyeacha kazi zamani, iligoma kabisa. Nilikesha nayo siku mbili. Mwisho tukanunua leseni moja halali ya Excel kwa mashine yake peke yake. Wanaosema LibreOffice inachukua nafasi ya kila kitu hawajawahi kukaa na mhasibu tarehe 28.

Ninachokipenda zaidi ni kitu ambacho hata sikukitafuta: Draw, programu ya kuchora iliyomo ndani ya LibreOffice, inafungua PDF na unaweza kusahihisha herufi humo humo. Jina la mteja likikosewa kwenye hati tuliyopoteza nakala yake, hatuchapi upya ukurasa mzima.

Na kuna jambo linanisuta kidogo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani programu huria ya OpenOffice yenye menyu za Kiswahili. LibreOffice ilichipuka kutoka OpenOffice hiyohiyo mwaka 2010. Tulikuwa nayo nyumbani, tukaipuuza, tukaenda kumlipa fundi wa flashi.

Katibu muhtasi siku hizi anaitikia shikamoo zangu. Ila violezo vyake kavinakili kwenye flashi yake mwenyewe, anatembea nayo mkobani, na akiniona nimebeba ya kwangu ananiuliza kwanza ninakwenda kwenye mashine ya nani.