Fire from Heaven: Alexander kabla hajaitwa Mkuu

Anayetaka vita vya Uajemi asianzie hapa. Riwaya hii ya Mary Renault, iliyotoka 1969, inamfuata Alexander wa Masedonia tangu hajatimiza miaka 5 hadi 336 KK, baba yake, mfalme Philip, anapouawa huko Aigai, mji wa kale wa wafalme wa Masedonia. Kijana ana miaka 20 na bado hajakanyaga Asia. Mapigano yake makubwa na Waajemi, ya Issos na Gaugamela, hayamo. Kwa miaka ya baadaye soma riwaya yake inayofuata, The Persian Boy (1972).

Utoto wa Alexander una habari chache mno. Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki tunayemtegemea zaidi, aliupitia kwa kurasa chache: mtoto anawahoji wajumbe wa Uajemi kuhusu barabara na jeshi la mfalme wao, mwalimu Leonidas anapekua masanduku ya matandiko asije mama akawa amemfichia mwanawe kitu cha anasa. Renault anayachukua matukio haya na kuyatafutia chanzo, na hapo ndipo ninapomvulia kofia. Anaanza usiku, nyoka amejiviringisha kiunoni mwa mtoto aliyelala. Mtoto anambeba hadi kwa mama yake, Olympias, akidhani ni nyoka wa mama huyo. Sura hiyo moja inatosha kuonyesha nyumba ambamo mama na baba wanamgombea mtoto. Ndiyo maana ukifika kwenye harusi ya 337 KK, Philip anapooa mke mwingine, na Attalus, ndugu wa bibi harusi, anapoomba mrithi halali na Alexander akamrushia kikombe, unaona donda la miaka mingi likipasuka.

Kisa cha farasi nacho kimo. Kwa Plutarch, Philip alitajiwa bei ya talanta 13, yaani zaidi ya kilo 330 za fedha kwa kipimo cha Athens. Mtoto akagundua farasi anaogopa kivuli chake mwenyewe, akamgeuza atazame jua. Usimtafute kwa jina la Bucephalus: Renault anamwita Oxhead, yaani Kichwa cha Ng'ombe, maana ileile ya jina la Kigiriki.

Wasomaji wengi hukwama kwenye kurasa za mwanzo kwa sababu majina yanamiminika na mwandishi hasimami kumtambulisha mtu. Weka karatasi kando, uandike nani ni wa upande wa Philip na nani wa Olympias, kisha umwongeze Hephaistion, Antipater, Parmenion na Ptolemy kadiri wanavyotokea. Jambo la pili: njama husemwa nusunusu katikati ya mazungumzo. Ukiruka sentensi mbili, kifo cha mwisho kitakushtua bila kukuingia akilini. Kiingereza chake ni kizito. Kurasa 20 kwa siku zinatosha.

Kasoro kubwa ni mapenzi ya mwandishi kwa mhusika wake. Alexander karibu hana doa, na Demosthenes, msemaji mkuu wa Athens, amepakwa matope kupita kiasi. Mtu aliyeona hatari ya Masedonia mapema vile alistahili sauti nzito zaidi.

Wala usimpe mtoto kitabu hiki kwa kuwa kinahusu mtoto. Kina ukatili na mambo ya chumbani, hasa yanayomhusu Pausanias, muuaji wa Philip.

Mwishoni kuna maelezo ya mwandishi kuhusu vyanzo vyake. Kama historia hii unaijua, yasome kwanza. Kama huijui, yaache hadi mwisho, kwa maana yatakumalizia utamu.